KUMSOMESHA OFISA WA UNUNUZI JESHINI: GHARAMA ZAKE NA FAIDA ZAKE

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaarifiwa kuwa maelezo yafuatayo yanahusu jambo linalozuka kila mwaka wakati wa kupanga bajeti, lakini ambalo ni nadra kufafanuliwa: je, fedha inayotumika kumpeleka masomoni ofisa anayenunua vifaa kwa niaba ya umma hurudi, na kama hurudi, hurudi kwa njia gani? Mfano uliochukuliwa ni wa majeshi ya Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna nchi inayonunua zana na huduma za ulinzi kwa wingi kuishinda. Katika mwaka wa fedha wa 2020 pekee, mikataba ya Wizara yake ya Ulinzi ilipita thamani ya dola bilioni 400. Pili, makosa yake ya ununuzi yamechunguzwa na Bunge, wakaguzi na mahakama, na matokeo yakawekwa wazi, jambo lisilo la kawaida katika shughuli za kijeshi.

NYUNDO YA DOLA 435

Mwaka 1983 wananchi wa Marekani walipata habari kuwa Jeshi lao la Wanamaji lilikuwa limelipa dola 435 kwa nyundo moja. Habari hiyo ilizusha hasira kubwa. Miaka miwili baadaye ikafuata ya kiti cha choo cha ndege kilichouzwa kwa dola 640. Vitu hivyo viwili vimebaki hadi leo kuwa mifano inayotajwa kila panapozungumzwa ubadhirifu wa fedha za ulinzi, ingawa wengi wanaoitaja hawajui ilivyokuwa hasa.

Nyundo ile haikununuliwa peke yake. Ilikuwa ndani ya oda moja kubwa ya vipuri vya aina nyingi, baadhi yake vikiwa ni vyombo vya kitaalamu vilivyohitaji kazi nyingi ya wahandisi. Mtengenezaji alikuwa na gharama zake za jumla za uhandisi na uendeshaji ambazo ilimbidi azigawe juu ya vitu vyote vilivyomo katika oda. Badala ya kuzigawa kwa kadiri ya kazi iliyoingia katika kila kitu, alizigawa sawa kwa sawa. Kila kipuri, kikubwa au kidogo, kilibebeshwa dola 420. Nyundo ambayo bei yake ilikuwa dola 15 ikafika dola 435.

Mfanyabiashara wa Darajani aliyekodi jahazi kuleta shehena kutoka Dar es Salaam atalielewa jambo hili bila ya shida. Akiigawa nauli ya jahazi sawasawa juu ya kila kitu kilichopakiwa, kiberiti kitabeba nauli sawa na jokofu. Katika daftari kiberiti kitaonekana kuwa ghali mno na jokofu kuwa rahisi mno, lakini fedha iliyomtoka mfukoni kwa shehena nzima ni ileile.

Hapa ndipo elimu inapoanza kuwa na thamani. Ofisa asiyejua hesabu za gharama akiambiwa na wakubwa wake aishushe bei ya nyundo, ataishusha kweli, na mtengenezaji atakubali kwa furaha, kisha atazihamishia dola zilezile kwenye vipuri vingine ambavyo hakuna mwandishi wa gazeti anayevijua majina. Ofisa aliyesoma huiacha nyundo kwanza akaulizia lile fungu la gharama za jumla: lina nini ndani yake, limepatikanaje, na kwa nini Serikali ilipie sehemu hiyo na si ndogo kuliko hiyo. Hilo ndilo swali lenye fedha ndani yake.

Kisa cha kiti cha choo kina funzo la upande wa pili. Mtengenezaji alieleza kuwa hicho hakikuwa kiti cha kawaida cha dukani, bali kifuniko kikubwa cha plastiki kilichofinyangwa mahususi kwa ndege za doria za aina ya P-3, kwa idadi ndogo sana. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, kelele zilipozidi bei ilishushwa hadi dola 100. Kwa hiyo maelezo ya muuzaji yanaweza kuwa sahihi na bei yake bado ikawa haifai. Kutenganisha mambo hayo mawili ni ujuzi, nao haupatikani kwa kupanda cheo tu.

SHERIA YA MWAKA 1990

Mwaka 1985 Rais Ronald Reagan aliunda Tume chini ya uenyekiti wa David Packard, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Hewlett-Packard, aliyewahi kuwa Naibu Waziri wa Ulinzi. Tume iliwasilisha taarifa yake mwezi Juni 1986. Miongoni mwa mambo iliyoyasema kwa ukali ni kwamba wanaofanya kazi ya ununuzi jeshini, wakilinganishwa na wenzao wa makampuni wanaokaa nao meza moja, walikuwa na mafunzo madogo, mishahara midogo na uzoefu mdogo. Mtu wa aina hiyo ndiye aliyekuwa akipewa kalamu ya kutia saini mikataba ya mamilioni, na mbele yake ameketi mwanasheria na mhasibu wa kampuni ambao hawakuwa na kazi nyingine maishani mwao isipokuwa hiyo.

Bunge lilijibu kwa Sheria ya kuwaendeleza watumishi wa ununuzi wa ulinzi, iliyopitishwa mwezi Novemba 1990. Sheria hiyo iliweka masharti ya elimu, mafunzo na uzoefu kwa kila nafasi. Ofisa wa mikataba alitakiwa awe na shahada ya kwanza, au awe amesoma vipimo 24 vya chuo kikuu katika masomo kama vile uhasibu, sheria, uchumi, fedha na ununuzi. Baada ya marekebisho yaliyoanza kutumika Oktoba 2000, neno "au" likawa "na": shahada pamoja na vipimo hivyo 24. Neno moja tu lilibadilika, lakini liliongeza sana gharama za kumpata mtu anayefaa.

Ili kuitekeleza Sheria hiyo, kiliundwa Chuo Kikuu cha Ununuzi wa Ulinzi, kilichoanza kazi mwezi Agosti 1992 kwa kuziunganisha skuli zilizokuwapo tayari, ikiwemo ile ya usimamizi wa mifumo ya silaha iliyofunguliwa Fort Belvoir, katika jimbo la Virginia, mwaka 1971. Kwa upande wa shahada ya pili, maofisa huchaguliwa kwenda katika vyuo kama vile Skuli ya Uzamili ya Jeshi la Wanamaji iliyoko Monterey, California, ambayo ina mkondo wake wa usimamizi wa ununuzi na mikataba. Zaidi ya hayo, mtumishi wa ununuzi aliwekewa kiwango cha saa 80 za kujiendeleza katika kila miaka miwili, hata kama ana shahada tatu.

GHARAMA HALISI

Mtu asiyeizoea kazi hii hudhani kuwa gharama ya masomo ni ada. Ada ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni mshahara na posho anazoendelea kulipwa ofisa wakati hafanyi kazi aliyoajiriwa, pamoja na gharama za kumhamisha yeye na familia yake. Tena ipo gharama isiyoandikwa katika fungu lolote la bajeti, nayo ni kiti alichokiacha. Majalada yaliyokuwa mezani kwake ama husubiri, ama hugawiwa wenzake ambao tayari wana ya kwao, na mkataba unaopitiwa kwa haraka ni mkataba unaopitiwa vibaya.

Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kuwa ofisa mmoja amesomeshwa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na jumla ya ada, mshahara na uhamisho imefika dola 150,000. Akirudi akapangiwa kusimamia mikataba ya dola milioni 20 kwa mwaka, na akakaa katika kazi hiyo miaka mitatu, atakuwa amepitisha mikononi mwake dola milioni 60. Ili Serikali irejeshewe fedha yake inatosha aokoe robo ya asilimia moja, yaani senti 25 katika kila dola 100. Hilo si jambo gumu kwa mtu anayejua kuhoji gharama za jumla. Akihamishwa baada ya mwaka mmoja, itambidi aokoe robo tatu ya asilimia. Akipewa mikataba midogo ya dola milioni mbili kwa mwaka, hata akikaa miaka yote mitatu, atatakiwa aokoe asilimia mbili na nusu. Na akiacha kazi siku aliyorudi, hesabu haina jibu.

Ofisa yuleyule, cheti kilekile, na fedha ileile huweza kuwa faida kubwa au hasara tupu, kwa kutegemea barua ya uhamisho inayotiwa saini na mtu ambaye hakuhusika kabisa na masomo yake. Majeshi hulijua jambo hili. Ndiyo maana anayesomeshwa kwa fedha za jeshi hufungwa na sharti la kulitumikia kwa muda mrefu kuliko ule aliokaa darasani. Sharti hilo humzuia asiondoke jeshini. Halimzuii mkubwa wake kumpeleka katika kazi isiyohusiana na alichosomea, na desturi ya kijeshi ya kuwahamisha maofisa kila baada ya miaka miwili au mitatu huifanya hatari hiyo kuwa ya kudumu. Muda ukiisha, makampuni yaleyale yanayouza silaha huwa tayari kumlipa zaidi, na elimu iliyogharimiwa na umma ikahamia upande wa pili wa meza.

Tahadhari moja inafaa kwa anayetaka kuzipima faida hizi kwa takwimu. Kulinganisha maofisa wenye shahada ya pili na wasiokuwa nayo, kisha kusema kwamba tofauti yote iliyopo imeletwa na shahada, ni makosa. Wanaochaguliwa kwenda masomoni aghalabu ni wale waliokuwa hodari tangu awali, na pengine wangefanya vizuri hata bila ya masomo.

MKATABA WA NDEGE YA A-12

Faida kubwa zaidi haimo katika bei za vipuri, imo katika kuchagua aina ya mkataba. Upo mkataba wa bei isiyobadilika, ambao muuzaji hubeba hasara ikiwa gharama zitazidi. Upo pia mkataba wa kurejeshewa gharama, ambao Serikali hulipa gharama zote zinazokubalika na kuongeza ujira. Asiyejua atapenda wa kwanza daima, kwa kuwa unaonekana kuilinda Serikali. Kwa magodoro, sare au saruji ni sawa. Kwa kitu ambacho bado hakijavumbuliwa, huweza kuwa mtego kwa pande zote mbili.

Mwaka 1988 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliingia mkataba wa bei yenye kikomo, wa dola bilioni 4.8, na makampuni ya McDonnell Douglas na General Dynamics kwa ajili ya kubuni na kuanza kutengeneza ndege ya mashambulizi iliyoitwa A-12. Ndege hiyo ilihitaji ufundi ambao hakuna aliyekuwa ameukamilisha. Uzito ulizidi, muda ukapita, gharama zikavuka kikomo. Tarehe 7 Januari 1991 mradi ulifutwa bila ya ndege hata moja kuruka. Kesi iliyofuata ilidumu hadi mwaka 2014, ilipomalizwa kwa suluhu ambayo Boeing, mrithi wa McDonnell Douglas, na General Dynamics kila moja ilikubali kutoa bidhaa na huduma zenye thamani ya dola milioni 200.

Jambo la kusikitisha ni kuwa elimu haikukosekana. Uchunguzi wa mwaka 1990 ulionesha kwamba mchambuzi wa gharama aliyekuwamo ndani ya mradi alikwishaona kuwa gharama zingezidi kwa kiasi kikubwa na akalieleza hilo. Tahadhari yake haikupewa uzito uliostahiki ilipokuwa ikipanda ngazi. Kumsomesha mchambuzi na kutomsikiliza ni kulipa gharama yote na kuitupa faida yote.

IDADI NA UAMINIFU

Mara tu baada ya Sheria ya 1990, vita baridi vilikwisha na Marekani ikaanza kupunguza majeshi. Watumishi wa ununuzi wa ulinzi walipungua kutoka kiasi cha 460,000 hadi kiasi cha 230,000 ilipofika mwaka 1999. Kwa hiyo katika muongo uleule ambao nchi ilikuwa ikigharimia elimu ya kila mmoja wao, ilikuwa ikipunguza nusu yao. Matokeo yalionekana vita vya Iraq vilipoanza mwaka 2003. Kazi ya mikataba ya Jeshi la Nchi Kavu iliongezeka mara kadhaa na watu wa kuifanya hawakuwapo. Tume iliyoongozwa na Jacques Gansler iliripoti mwaka 2007 kuwa ni zaidi kidogo ya nusu tu ya watumishi wa fani hiyo waliokuwa na vyeti vinavyolingana na nafasi walizoshika, na ikapendekeza waongezwe 1,400. Wakati huohuo meja mmoja aliyekuwa akitoa mikataba ya maji na huduma nchini Kuwait aligunduliwa kuwa amepokea mamilioni ya dola za rushwa. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 17.

Hata hivyo, isifikiriwe kuwa rushwa ni ugonjwa wa wasiosoma. Melvyn Paisley, aliyekuwa Waziri Msaidizi wa Jeshi la Wanamaji, alikiri mwaka 1991 makosa ya hongo katika mikataba ya jeshi hilo. Darleen Druyun, aliyekuwa ofisa wa ngazi ya juu wa ununuzi wa Jeshi la Anga, alifungwa baada ya kukiri mwaka 2004 kuwa alizungumza na kampuni ya Boeing juu ya kuajiriwa wakati anasimamia mazungumzo ya ndege za kujazia mafuta za kampuni hiyohiyo. Hakuna aliyeweza kusema kuwa hao walikuwa hawaijui kazi. Anayeijua kazi vizuri huweza pia kuificha njia aliyopitia, ndiyo maana gharama za ukaguzi haziwezi kutolewa kafara ili kulipia gharama za masomo.

Tangu Februari 2022, Wizara hiyo ililegeza mfumo wake. Vyeti vya mikataba vilivyokuwa na ngazi tatu vilifanywa kuwa cha ngazi moja, saa za lazima za mafunzo zikapunguzwa, na mafunzo mengine yakaachwa yafuate mahitaji ya kazi aliyonayo mtu wakati huo. Kwa hesabu iliyotolewa hapo juu, hatua hiyo ina mantiki: somo linalotolewa mwezi mmoja kabla ya kuhitajika halipotei kama lile linalotolewa miaka mitano kabla.

VISIWANI NA TANZANIA KWA JUMLA

Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo ununuzi wa silaha haumo katika shughuli za wizara za Serikali ya Mapinduzi. Lakini Idara Maalum, kama vile KMKM na JKU, zinahitaji boti, mafuta na sare, na kila wizara inahitaji dawa, saruji, magari na samani za skuli. Ununuzi huo uliwekewa Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Na. 11 ya 2016. Kwa upande wa Serikali ya Muungano, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ikichukua nafasi ya ile ya mwaka 1981, ili kazi hii isiachiwe mtu yeyote aliyepo tu.

Tanzania nayo ina mfano wake unaojulikana. Rada iliyonunuliwa kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza iligharimu kiasi cha pauni milioni 28, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilitoa maoni kuwa ilikuwa ghali na haikufaa ipasavyo kuongozea ndege za kiraia. Mwezi Desemba 2010, mbele ya mahakama ya London, kampuni hiyo ilikiri kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu zinazohusu mauzo hayo, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania. Fedha hizo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya skuli za msingi. Swali ambalo mkaguzi aliyefunzwa angeliuliza tangu mwanzo, yaani nani analipwa nini nje ya bei iliyoandikwa, lilikuja kuulizwa baada ya miaka kadhaa, na wapelelezi wa nchi nyingine.

Mkuu wa idara anayepokea ombi la ruhusa ya masomo ya ununuzi hana haja ya hesabu ndefu kama za Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Anahitaji kujua mwombaji anasimamia ununuzi wa kiasi gani kwa mwaka, nani atakayekalia kiti chake akiwa masomoni, atarudishwa katika kazi gani na kwa muda gani, na je, akirudi na kusema kuwa mkataba fulani haufai kutiwa saini, ni ofisi ipi itakayompokea na kulisoma jalada lake.